Mnara wa Marie Tharp Usimame Kajiado

  

Leo nataka tuzungumze juu ya minara na sanamu za kumbukumbu, na hasa juu ya mwanasayansi mmoja wa bahari. Najua kuna atakayeuliza: bahari na sisi wapi na wapi? Kutoka Kitengela hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 400. Huku kwetu ni mbuga, mifugo, vumbi la kiangazi na malori ya kwenda Namanga. Nakuomba univumilie. Hoja yangu ni kwamba katika kaunti hii yetu ya Kajiado, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, panastahili kusimama mnara wa mwanamke aliyeufunulia ulimwengu sura ya sakafu ya bahari. Jina lake ni Marie Tharp.

Lakini kabla ya kumfikia Bi. Tharp, twende kwanza Marekani, katika mji wa Richmond, jimbo la Virginia. Mji huo ulikuwa na barabara pana yenye miti, na katikati yake zilisimama sanamu kubwa za majenerali na viongozi wa majimbo ya kusini yaliyojitenga kati ya mwaka 1860 na 1861, kisha kupigana vita ili utumwa wa watu weusi uendelee. Miongoni mwao palikuwa na sanamu ya mtu asiye jenerali. Alikuwa ameketi kitini, na juu yake limewekwa tufe la dunia. Mtu huyo ni Matthew Fontaine Maury, na sanamu yake ilizinduliwa mwaka 1929.

Maury alikuwa mwanasayansi wa bahari, tena mmoja wa waasisi wa elimu hiyo. Alizaliwa mwaka 1806, akaingia jeshi la wanamaji akiwa kijana, kisha ajali ya gari la farasi ikamlemaza mguu, safari za baharini zikamkatikia. Mwaka 1842 akakabidhiwa ofisi ya ramani na vipimo vya wanamaji mjini Washington. Humo alikuta madaftari ya safari yamerundikana kwa miaka mingi. Kila nahodha alikuwa ameandika siku kwa siku: upepo ulivuma kutoka wapi, mkondo ulikokota chombo kuelekea wapi, hali ya hewa ilikuwaje. Wengine waliyaona madaftari yale kuwa karatasi kuukuu. Maury akayafungua moja baada ya jingine, akayakusanya yaliyomo, akachora ramani za pepo na mikondo. Manahodha waliozifuata walipunguza wiki kadhaa katika safari ndefu. Mwaka 1853 mataifa 10 yalikutana Brussels, kwa juhudi zake, yakakubaliana jinsi meli zao zitakavyoandika habari za hali ya hewa. Na alipokusanya vipimo vya bildi, ile risasi inayofungwa kwenye kamba na kushushwa majini kupima kina, alitambua kwamba katikati ya Bahari ya Atlantiki sakafu imeinuka.

Hapa tuseme ukweli wa pwani yetu. Elimu ya pepo haikuanza na Maury. Nahodha wa jahazi kutoka Lamu au Zanzibar alijua kaskazi itaanza lini na kusi itashika lini, na alipanga mwaka mzima wa biashara kwa elimu hiyo. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid, mwanamaji wa Uarabuni kutoka pande za Oman, aliandika vitabu na mashairi ya kuelekeza vyombo katika Bahari ya Hindi, na shairi lake moja linaeleza njia ya kufika Sofala, kule Msumbiji. Sifa ya Maury ni kwamba aliyakusanya maarifa ya maelfu ya mabaharia, akayaweka mahali pamoja, akayachapisha yatumiwe na wote.

Basi kwa nini sanamu yake haipo tena? Kwa sababu vita vilipoanza mwaka 1861, Maury aliacha kazi yake Washington akaenda kutumikia upande wa watetezi wa utumwa. Alienda Uingereza kuwatafutia meli, akatengeneza mabomu ya kutega majini. Na hata kabla ya vita alikuwa na mpango wa kuwapeleka wenye watumwa pamoja na watumwa wao Brazili, katika bonde la mto Amazon, ili mfumo ule upate ardhi mpya. Maury alikufa mwaka 1873. Mwaka huohuo soko la watumwa la Mkunazini, Zanzibar, lilifungwa. Nayataja haya mawili pamoja kwa sababu msikilizaji wangu wa Afrika Mashariki anajua utumwa ulikuwa nini. Aliyefika Mkunazini ameona ile kumbukumbu ya watu wa mawe waliosimama shimoni, minyororo shingoni.

Mwezi Mei mwaka 2020 polisi wa Minneapolis alimuua George Floyd, na hasira ikaenea miji ya Marekani. Mapema Julai mwaka huo meya wa Richmond aliamuru sanamu za barabara ile ziondolewe, na Julai 2 ikaondolewa ya Maury. Kulikuwa na waliolalamika kwamba sayansi imetukanwa. Mimi sikubaliani nao. Ramani za Maury hazikuondolewa vitabuni, na jambo alilogundua bado ni la kweli. Kilichoondolewa ni kiti cha heshima katikati ya mji ambao wakazi wake wengi ni wajukuu wa waliofungwa minyororo. Sanamu huwekwa na watu ili kuwaambia watoto: huyu mtazameni, huyu mwigeni. Watu wa Richmond walikuwa na haki ya kusema, huyu hapana.

Sasa angalia kilichofuata. Jeshi la wanamaji la Marekani lilikuwa na meli ya kupima bahari iliyobeba jina la Maury. Mwaka 2023 meli hiyo ilibadilishwa jina, ikaitwa Marie Tharp.

Marie Tharp alizaliwa mwaka 1920 katika jimbo la Michigan. Baba yake alikuwa mpimaji wa udongo wa serikali, mtu wa kuhama kila mara akichora ramani za aina za ardhi, na binti alikua akiitazama kazi hiyo. Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanafunzi wa kiume, idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Michigan ikafungua mlango kwa wasichana, naye akaingia. Mwaka 1948 alipata kazi katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na baadaye katika kituo chake cha utafiti wa dunia kiitwacho Lamont.

Huko wanaume walisafiri baharini na mitambo ya kupima kina kwa mwangwi. Mtambo hutuma sauti chini, sauti hugonga sakafu ya bahari na kurudi, na muda iliochukua ndio unaoonyesha kina. Marie hakuruhusiwa kupanda meli hizo. Wanawake walihesabiwa kuwa ni nuksi chomboni. Yeye alikaa mezani, akapewa mafurushi ya karatasi zenye maelfu ya vipimo, akaambiwa achore. Alikaa hivyo kwa miaka, na hakupanda meli ya utafiti hadi miaka ya 1960.

Mwaka 1952 alipokuwa akipanga pamoja michoro sita ya kuvuka Atlantiki, kutoka ng'ambo hii hadi ng'ambo ile, aliona jambo. Ile milima ya katikati ya bahari ina mpasuko juu yake. Katika kila mchoro, karibu pale pale, kilele kimegawanyika na katikati pana bonde lenye kuta mbili. Akamwambia mwenzake Bruce Heezen kwamba hili ni bonde la ufa, na kwamba ardhi inatengana pale. Heezen alikataa, akaliita jambo hilo porojo za wasichana. Wakati ule kusema kwamba mabara yanasogea kulikuwa kama uzushi miongoni mwa wanajiolojia wa Marekani.

Marie hakubishana kwa maneno, aliendelea kuchora. Karibu yake alikuwepo msanii kiziwi aitwaye Howard Foster, aliyekuwa akiweka alama za vitovu vya matetemeko ya ardhi baharini kwa ajili ya kampuni iliyotaka kulaza nyaya za simu chini ya maji. Ramani ya Foster ilipowekwa juu ya ramani ya Marie, alama za matetemeko zilianguka ndani ya lile bonde, moja baada ya nyingine. Basi wakaufuata mstari wa matetemeko. Ukateremka Atlantiki yote, ukazunguka kusini mwa Afrika, ukaingia Bahari ya Hindi, ukapanda hadi Ghuba ya Aden, na hapo ukapanda nchi kavu. Mahali ulipopanda, msikilizaji, ni Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, bonde letu.

Naomba usikie uzito wa jambo hilo. Bonde la chini ya bahari hakuna aliyekuwa amelitia machoni. Lilikuwa chini ya maji meusi yenye kina cha maelfu ya mita. Lakini lipo bonde lingine ambalo mtu anaweza kusimama ukingoni akaliangalia, akashuka kwa miguu, akapima kuta zake, akahesabu matetemeko yake. Walipolinganisha umbo la bonde la bahari na umbo la bonde la Afrika Mashariki, yakafanana: kuta mbili, sakafu iliyozama, matetemeko katikati. Ardhi yetu ikawa shahidi wa bahari. Heezen akakubali. Habari zikatangazwa mwaka 1956, na machapisho ya mwanzo yakatoka na majina ya wanaume, jina la Marie likaachwa. Mwaka 1957 ndipo jina lake lilipotokea pamoja na la Heezen kwenye ramani ya Atlantiki ya kaskazini. Mwaka 1967 ikatoka ramani ya sakafu ya Bahari ya Hindi, bahari yetu, na mwaka 1977 ramani ya sakafu ya bahari zote za dunia, iliyopakwa rangi na Heinrich Berann. Ramani hiyo iko hadi leo katika kuta za madarasa na maofisi ulimwenguni. Safu ile ya milima aliyoifuata ina urefu wa takriban kilomita 65,000. Hakuna safu ndefu zaidi duniani. Bi. Tharp alifariki mwaka 2006 akiwa na miaka 86.

Sasa turudi nyumbani. Toka Kiserian ushike barabara ya Magadi. Ukifika Corner Baridi, nchi inafunguka mbele yako. Milima ya Ngong uliyoiacha nyuma inafika karibu mita 2,460 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Magadi unakoelekea liko karibu mita 600. Unateremka kwa ngazi kubwa kubwa, kila ngazi ni ukuta wa mwamba uliozama: Oltepesi, Olorgesailie, kisha joto la Magadi lenyewe. Ngazi zile zilitengenezwa na ardhi inayovutwa pande mbili. Fikiria ngozi ya ng'ombe iliyowambwa kwa vigingi kisha ikavutwa zaidi: inakuwa nyembamba katikati, na hapo katikati ndipo panapozama. Ganda la dunia chini ya Kajiado linafanya hivyo, kwa mwendo wa milimita chache kwa mwaka.

Wakazi wa Magadi hawahitaji kuambiwa na mtu wa redio. Mwaka 1998 kulikuwa na mfululizo wa matetemeko madogo katika eneo la ziwa lile, na wanasayansi waliyarekodi kwa miezi. Mwaka 2007, mwezi Julai, watu wa Nairobi walitoka mbio katika majengo marefu, meza zikitikisika. Chanzo kilikuwa chini ya mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, upande wa Tanzania, jirani kabisa na Magadi. Moto wa chini ya ardhi ulikuwa unajipenyeza katika ufa. Wiki chache baadaye Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Na huko Afar, Ethiopia, ambako bonde hili linakutana na Bahari ya Shamu na Ghuba ya Aden, Septemba 2005 ardhi ilipasuka kwa umbali wa takriban kilomita 60 katika muda wa siku chache, na mahali pengine kingo zikatengana kwa mita kadhaa.

Lakini tusitishane. Mwaka 2018 mvua kubwa ilipofungua mtaro ule mkubwa karibu na Mai Mahiu na Suswa, picha zikazagaa kwamba Afrika inagawanyika mchana kweupe. Wanajiolojia wengi walieleza kwamba maji yalikuwa yamechimba majivu laini ya volkano yaliyojaza ufa wa kale. Kugawanyika kweli kupo, ila ni kwa mamilioni ya miaka. Iwapo mwendo huu utaendelea, itafika siku ambapo maji ya bahari yataingia katika bonde hili kutoka kaskazini, na pale Magadi patakuwa sakafu ya bahari changa. Atlantiki nayo ilianza hivyo, kwa bonde kama hili. Ndiyo sababu nasema bahari na Kajiado wana undugu.

Na kama hilo la mamilioni ya miaka ni mbali mno, kuna undugu wa leo hii. Mvua inayonyesha Kitengela huingia mto Kitengela, mto Kitengela huingia Athi, Athi huwa Galana, Galana huwa Sabaki, na Sabaki humwaga maji yake baharini kaskazini mwa Malindi. Udongo wetu unaobebwa na mvua na mifuko yetu ya plastiki tunayotupa mitaroni hufika kwenye matumbawe ya hifadhi ya bahari ya Malindi, iliyotengwa tangu mwaka 1968. Mvuvi wa Mambrui anajua rangi ya udongo wetu. Kwa hiyo mtu wa Kitengela asiseme bahari haimhusu.

Tazama sasa minara tuliyo nayo. Pale Malindi, juu ya jabali lililoingia baharini, upo mnara wa Vasco da Gama, ukumbusho wa nahodha Mreno aliyetua mwaka 1498. Alisaidiwa na Sultani wa Malindi, akapewa rubani aliyeijua njia ya kwenda India. Wengi hupenda kusema rubani huyo alikuwa Ibn Majid, lakini wanahistoria wengi hawakubali tena hivyo. Jambo lililo wazi ni kwamba mwenye meli alipata mnara, na mwenye elimu ya njia hakupata. Nairobi sanamu ya mlowezi Bwana Delamere iliondolewa barabarani tulipopata uhuru, na barabara ikapewa jina la Kenyatta. Sanamu ya Malkia Victoria katika bustani ya Jeevanjee, iliyozinduliwa mwaka 1906, ilivunjwa mwaka 2015. Mwaka 2007 tulimweka Dedan Kimathi, na mwaka 2011 tukamweka Tom Mboya. Ni haki yao, na mimi huinua macho kila nipitapo mbele yao. Ila mtoto wa Kenya akizunguka katikati ya jiji lake, anajifunza kwa sanamu kwamba ukubwa ni wa mwanasiasa na mpiganaji. Mwanasayansi tunampa jina la barabara au la kituo, kama Profesa Thomas Odhiambo, mwanzilishi wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, ambaye kituo cha Mbita kimepewa jina lake. Sura yake mtoto haioni.

Ndiyo maana nataka mnara wa Bi. Tharp, na nautaka Kajiado. Nautaka barabara ya Magadi, mahali ambapo msafiri anaweza kusimama na kuliona bonde lote. Wala sitaki sanamu ya shaba ya mamilioni ya shilingi. Kitengela tuna mafundi hodari wa kioo. Karakana iliyoanzishwa na Nani Croze, kando ya mbuga ya Nairobi, imekuwa ikiyeyusha chupa na vioo vya madirisha vilivyotupwa na kuvigeuza sanaa. Mafundi hao wapewe kazi ya kutandaza vipande vya kioo chini, wachore ramani ya sakafu ya bahari. Mtoto avue viatu, atembee juu ya ile milima kuanzia Iceland, ashuke Atlantiki, azunguke kusini, aingie Bahari ya Hindi, apande Ghuba ya Aden, apite Afar, apite Turkana na Naivasha, na hatua ya mwisho imfikishe Magadi. Akiinua kichwa, bonde lenyewe liko mbele ya macho yake.

Mfano tunao humu humu kaunti. Kule Olorgesailie, wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walipofika mwaka 1942 na kukuta mashoka ya mawe ya watu wa kale yametapakaa juu ya ardhi, mengi yaliachwa palepale. Likajengwa daraja la mbao juu yake, na tangu mwaka 1947 wageni hutembea wakiangalia chini. Hakuna sanamu inayoweza kulishinda jambo lenyewe likionyeshwa mahali pake. Mnara wangu ufuate njia hiyo.

Kuna watakaoniuliza: kwa nini tumpe heshima Mmarekani? Nawajibu kwamba heshima hiyo ni ya bonde letu pia, maana kazi yake isingekamilika bila kulinganishwa na nchi hii. Na kwenye jiwe la maandishi asitajwe peke yake. Atajwe Howard Foster, kiziwi aliyeweka alama za matetemeko. Wakumbukwe Wamaasai, ambao walikuwa wakiijua kila ngazi ya bonde hili, kila chemchemi na kila njia ya mifugo, kabla ya mwanajiolojia John Walter Gregory kupita mwaka 1893 na kuliandika. Lisemwe wazi kwamba elimu hii ni ya mikono mingi. Kosa la minara mingi ya zamani ni kumwinua mtu mmoja na kuwafuta waliomshika mkono.

Wapo pia watakaosema: Kajiado ina kiu, mifugo inakufa ukame ukizidi, mabomba ya Kitengela yanakauka, nawe unataka mnara? Swali hilo nalichukua kwa heshima. Maji yatangulie, ndiyo. Lakini mradi wa vipande vya kioo na jiwe moja la maandishi hauwezi kuwanyima watu maji, na shule zinaweza kuuchangia kwa kukusanya chupa zilizotupwa. Isitoshe, wanaojua jinsi ardhi yetu ilivyopasuka ndio wanaojua maji yamejificha wapi na joto la ardhi liko wapi. Kaunti inayoijua miamba yake itachimba visima kwa akili.

Na zaidi ya yote namfikiria msichana wa Kajiado. Kaunti hii inamjua Mwalimu Priscilla Nangurai, aliyewapa hifadhi shuleni wasichana waliokimbia kuozwa wangali wadogo. Inajua gharama ya msichana kuambiwa mahali pako si hapa. Marie Tharp aliambiwa hivyo. Aliambiwa meli si mahali pake, akaambiwa ugunduzi wake ni porojo, akaachwa nje ya majina ya waandishi. Alijibu kwa vipimo mpaka wakubwa wakanyamaza. Msichana wa Ilbissil au Mashuuru akisoma hayo juu ya jiwe, tena mahali ambapo ardhi ya kwao ndiyo ushahidi, hatasahau. Nchi hii inamhitaji. Taasisi yetu ya utafiti wa bahari na uvuvi, KMFRI, ipo tangu mwaka 1979, na ina meli yake ya utafiti iitwayo Mtafiti. Siku moja mwanamke wa kutoka nyanda hizi aisimamie kazi ya meli hiyo, naye asiulizwe amefikaje.

Basi natoa ombi langu. Mheshimiwa Gavana wa Kajiado na waheshimiwa wa bunge la kaunti, tengeni kipande kidogo cha ardhi ya umma kwenye ukingo wa bonde, kwa makubaliano na jamii inayoishi pale. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ambayo tayari mnaitunza Olorgesailie, tupeni ushauri na mlinzi. Mafundi wa Kitengela, leteni mikono yenu. Walimu, msingoje mnara: wiki hii tundikeni ramani ya sakafu ya bahari darasani, na muwaonyeshe watoto kwa kidole mahali inapoingia Kajiado. Nawe msikilizaji, ukienda kwenye mkutano wa kukusanya maoni ya bajeti ya kaunti, simama ulitaje jina hili: Marie Tharp.